SOMO: Kompyuta ya mezani ina nguvu, gemu nzito bado zinakwama. Anzia hapa

Wakuu, salaam. Swali ni lilelile: "Nimeunga mashine kali, kadi mpya, prosesa mpya, mbona gemu inakwamakwama?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliandika lote mara moja. Atakayeuliza tena mleteni hapa.

Setingi za ndani ya gemu nimeziweka mwisho kwa makusudi. Kwenye mashine kubwa, nguvu hupotea kabla gemu haijafunguliwa, na mtu anaishia kupunguza ubora wa picha ili kufidia kebo iliyochomekwa pasipo pake.

Hatua ya 1. Kebo ya monita ichomekwe kwenye kadi ya grafiki, siyo kwenye mazabodi.

Hatua ya 2. Ingia setingi za skrini za Windows, sehemu ya Advanced display, uchague Hz (mara ambazo picha inabadilishwa kwa sekunde) kubwa kabisa ya monita yako. Monita ya 165 Hz mara nyingi inakutwa imeachwa kwenye 60.

Hatua ya 3. Umeme wa kadi. Kila tundu la pini 8 limekadiriwa wati 150. Kadi yenye matundu mawili ipe kebo mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja peke yake, usitumie moja yenye vichwa viwili. Plagi ya pini 16, ile ya 12VHPWR na toleo lake lililorekebishwa la 12V-2x6, inapitisha hadi wati 600 kwenye umbo dogo sana. Isukume mpaka isibaki nafasi, kisha usiikunje karibu na kichwa. Plagi zilizoyeyuka kwenye RTX 4090 mwaka 2022 zilichunguzwa, na NVIDIA ilisema tatizo lililojirudia ni plagi ambazo hazikuingia hadi mwisho. Zima kila kitu, washa tochi, angalia kwa macho.

Hatua ya 4. RAM. Vijiti viwili vinakaa tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS (menyu ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows) uwashe XMP au EXPO, setingi inayoipa RAM kasi yake iliyotangazwa, maana bila hivyo DDR5 ya 6000 itaendeshwa 4800 au karibu na hapo, na gemu zinazotegemea prosesa zitalisikia hilo. Ukishawasha, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku mashine ikijipima na RAM. Subiri, usikate umeme. Na ujue kwamba vijiti vinne vya DDR5 mara nyingi haviwezi kasi ambayo viwili vinaiweza.

Hatua ya 5. CSM (hali ya BIOS ya kuwasha mashine kizamani), Secure Boot na Resizable BAR. Hapa soma neno kwa neno, ndipo watu wengi wanapoharibu.

Resizable BAR inairuhusu prosesa kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja badala ya dirisha la MB 256. Baadhi ya gemu zinapata fremu za kutosha, nyingine hazibadiliki, ila kadi za Intel Arc zinaihitaji kwelikweli. Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia mashine, nayo sasa inadaiwa na mifumo ya kuzuia udanganyifu: Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila hiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Battlefield 6 inaitaka pia. Vyote viwili vinahitaji CSM izimwe. Tatizo: kama Windows yako ilisakinishwa kizamani, diski ipo kwenye mfumo wa zamani wa MBR, na siku utakayozima CSM mashine itaishia kwenye BIOS kana kwamba diski haina kitu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa BIOS, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, usome mstari wa aina ya BIOS. Ukiona UEFI, endelea. Ukiona Legacy, simama. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali bila kosa, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, usilazimishe, sababu ya kawaida ni diski kuwa tayari na sehemu kuu nne, na chombo hiki kinataka zisizidi tatu. Baada ya kubadilisha ndipo uingie BIOS: zima CSM, washa Above 4G Decoding, Resizable BAR, na Secure Boot.

ONYO: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, isitishe kwanza na uuhifadhi ufunguo wa kurejesha nje ya mashine hiyo. Kubadilisha Secure Boot au kusasisha BIOS kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo huo wakati wa kuwaka, na ukiwa huna, data imekwenda.

Hatua ya 6. Draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ukihama kampuni moja kwenda nyingine, safisha ya zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa Safe Mode.

Hatua ya 7. Pima. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, au CapFrameX. Usitazame wastani wa fremu peke yake, tazama muda wa kila fremu. Fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kila moja, na 144 ni kama 6.9. Gemu inaweza kukuonyesha wastani wa 100 huku ndani yake kuna fremu moja ya milisekunde 60, na hiyo moja ndiyo unayoihisi mkononi. Kisha angalia kadi inatumika asilimia ngapi: ikikaa 95 na kuendelea, kadi ndiyo kikomo, ikicheza 60 au 70 wakati hujaweka ukomo wa fremu, basi inasubiri prosesa.

Hatua ya 8. Sasa gemu yenyewe. Ubora wa teksha unategemea kumbukumbu ya kadi, usiushushe kama bado ipo. Vivuli na ray tracing ndivyo vya kwanza kupunguza, na ray tracing inalemea hata prosesa. DLSS, FSR au XeSS kwenye kiwango cha ubora: picha inachorwa ndogo kisha inakuzwa, kwa DLSS na FSR ya 4K inachorwa 2560×1440, na mimi binafsi natumia hivyo bila wasiwasi. Kuzalisha fremu kwa DLSS au FSR (frame generation, fremu za kubuni kati ya zile halisi) kuwe cha mwisho, na kianze ukiwa tayari na kama 60 halisi. Chini ya hapo namba inapanda ila mkono unahisi uzito uleule. Washa G-Sync au FreeSync, ili monita ifuate kasi ya kadi, weka ukomo wa fremu chini kidogo ya Hz za monita, mfano 138 kwa 144.

---

Kipepeo88: Mkuu nina 4070 gemu inakwama nifanyeje

Mwandishi: Hatua ya 1 mpaka ya 7. Leta vipimo.

Kipepeo88: Ndefu mno, nipe kwa ufupi

Mwandishi: Ufupi wake ni hatua ya 1, 2 na 4. Zitakuchukua muda mfupi kuliko kunisubiri nijibu.

Nyota_ya_Jioni: Asante kwa somo. Jambo moja sijalielewa. Umesema kadi ikiwa 65 inasubiri prosesa, lakini nikiangalia prosesa yangu inaonyesha asilimia 30 tu. Inakuwaje kitu kisichofanya kazi ndicho kinachochelewesha?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Ile 30 ni wastani wa viini vyote. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mzito, na huo unakaa kwenye kiini kimoja kwa wakati. Ukiwa na prosesa ya nyuzi 16 (threads), uzi mmoja uliojaa kabisa unaonekana kama asilimia 6 tu ya jumla. Ndiyo maana mimi naitazama kadi: yenyewe haifichi. Ukitaka uhakika, shusha rezolusheni kutoka 4K hadi 1080p. Umepunguza pikseli kutoka milioni 8.3 hadi milioni 2.1, robo ya kazi. Fremu zisipoongezeka, ni prosesa. Na ndiyo sababu chipu kama Ryzen 7 7800X3D inafanya vizuri hivyo kwenye gemu: ina viini 8 tu, ila ina MB 96 za kashe ya L3, kwa hiyo uzi ule mkuu hauendi kwenye RAM kila mara.

Nyota_ya_Jioni: Nimejaribu, hazikuongezeka hata kidogo. Nikaenda hatua ya 4, RAM ilikuwa 4800. Nimewasha EXPO, naona tofauti.

Mwandishi: Safi. Ikianza kuanguka ovyo, shusha hadi 5600 kabla ya kulaumu kitu kingine.

Chuma_cha_Moto: Nimezima CSM Windows imepotea!!! Nifomati?

Mwandishi: USIFOMATI. Rudi BIOS, washa CSM, Windows itarudi ilivyokuwa. Kisha soma hatua ya 5 kuanzia neno la kwanza.

Chuma_cha_Moto: Imerudi. Ungeandika onyo mapema zaidi.

Mwandishi: Onyo la kuzima CSM limekaa kabla ya maelekezo ya BIOS, kaka. Nimeliandika kwa ajili ya jambo hilihili.

Mpiga_Picha: Gemu ya Unreal Engine inasema kumbukumbu ya video imeisha wakati inaandaa sheda. Kadi ina GB 24. Inawezekana kweli?

Mwandishi: Una Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14? Kama ndiyo, ujumbe huo unaweza kuwa unaonyesha kidole pasipo. Kufungua sheda zilizobanwa, yaani programu ndogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora, ni kazi nzito ya prosesa, na prosesa iliyoyumba inatoa matokeo mabovu ambayo gemu inayatafsiri kama upungufu wa kumbukumbu ya kadi. Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba chipu hizo zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya BIOS, 0x129 na baadaye 0x12B, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisha BIOS. Ila marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi chipu iliyokwisha kuharibika. Kosa likiendelea, dai dhamana.

Mpiga_Picha: Ni i9 ya 13. Naanza na BIOS leo.

Mwandishi: Ufunguo wa BitLocker kwanza.

Simba_Mkimya: Hukutaja kuzima memory integrity. Kila mtu anasema inaongeza fremu.

Mwandishi: Sikutaja kwa sababu sishauri. Inakula kiasi kidogo, ni kweli, ila ni ulinzi wa kiini cha Windows, na sitamwambia mtu auondoe kwenye mashine ambayo pia anaingilia benki.

Fundi_Baridi: Nyongeza kwa wenye vyumba vya joto: punguzeni volti ya kadi kwenye Afterburner. Yangu imeshuka nyuzijoto kadhaa, feni zimetulia, fremu zilezile.

Mwandishi: Naunga mkono. Shusha kidogokidogo, jaribu kwa gemu nzito uliyonayo na siyo kwa kipimo kifupi. Na wenye Ryzen 7000 zisizo X3D wasiogope wakiiona nyuzijoto 95, AMD iliipangia ifike hapo ikibebeshwa mzigo wote.

Nyota_ya_Jioni: La mwisho kutoka kwangu: nikisasisha draiva, gemu inakwama saa ya kwanza halafu inatulia. Kwa nini?

Mwandishi: Sheda. Zinatengenezwa kwa kadi yako na draiva yako, ukibadilisha draiva zile za zamani hazifai tena. Gemu ikikuonyesha mstari wa kuandaa sheda kwenye menyu, iache imalize kabla ya kubonyeza kucheza. Kama kadi yako ni NVIDIA, ingia paneli yake uongeze ukubwa wa kashe ya sheda hadi GB 10 au zaidi, zisifutwe ukiwa na gemu nyingi.

Nyota_ya_Jioni: Hiyo sikuwahi kuiona. Naenda kuiweka.