Namna ya kusoma habari za John Okello

Wanafunzi wangu huniuliza: ni Okello, yule mzaliwa wa Uganda aliyetangaza mapinduzi redioni, aliyeongoza Mapinduzi ya Zanzibar, au hakuongoza? Mimi huwaambia waanze na tarehe ya maandishi kabla ya kumwamini mwandishi.

Chukua kwanza kumbukumbu zake mwenyewe, zilizochapishwa Nairobi 1967. Humo yeye ndiye kila kitu: aliyepanga, aliyeongoza uvamizi wa bohari ya silaha ya polisi Ziwani usiku wa kuamkia 12 Januari 1964. Kumbuka alikwisha kufukuzwa Zanzibar tangu Machi 1964. Mtu aliyefukuzwa ana deni la kudai. Kisha soma simulizi za chama cha Afro-Shirazi. Hapo wenye kazi ni Karume, kiongozi wa chama, na Kamati ya Watu 14, kikundi kinachotajwa kuwa ndicho kilichopanga mapinduzi, na Okello hubaki sauti ya redio tu. Nao walikuwa na serikali ya kulinda.

Sasa chora safu tatu: nani alipanga, nani alipigana, nani alitangaza. Wanahistoria wengi wanagombana kwa sababu huchanganya safu hizo. Kwa maoni yangu, Okello yumo wazi katika ya pili na ya tatu. Ya kwanza iandike kwa penseli.