Redio za Meshtastic bila laini wala bando: soma lote kabla ya kuuliza

Tangu intaneti ilipozimwa Uganda Januari 2021 watu hawaachi kuniuliza habari za redio hizi, na maswali ni yale yale. Meshtastic ni programu inayowekwa kwenye bodi ndogo ya redio, nawe unaandika ujumbe kwa simu. Zinabeba maandishi na mahali ulipo. Sauti hazibebi. Kila redio hupokea ujumbe wa mwenzake na kuurusha mbele.

1. Nunua bodi mbili. Moja itaongea na nani? Heltec V3 ni nafuu. Chukua ya 863–928 MHz.

2. Antena kwanza, umeme baadaye. Redio ikirusha bila antena, nguvu hurudi kwenye chipu na inaweza kuiua. Wala haitoi moshi: skrini inawaka, simu inaunganika, unaona ni nzima, kumbe haisikiki hata ng'ambo ya barabara. Kile kichwa kidogo cha waya wa antena kibonyeze wima mpaka kilie "tik", na usikichomoe-chomoe, kinalegea. Betri nayo: waya mwekundu wa betri za madukani si lazima uangukie kwenye + ya bodi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. PIMA.

3. Kwenye kompyuta fungua flasher.meshtastic.org kwa Chrome au Edge, pakia programu. Waya uwe wa data, si wa chaji tu.

4. Weka app ya Meshtastic kwenye simu, uiunganishe na bodi kwa Bluetooth; namba ya siri iko kwenye skrini.

5. Kwenye mipangilio ya app, Region (eneo la masafa) iwe EU_868. Usiweke US eti kwa sababu video uliyotazama ni ya Mmarekani. Ukiweka US, redio kwa kawaida hurusha kwenye 906.875 MHz, na hapa kwetu 880–915 ndimo simu zinamopandishia mawimbi kwenda mnarani. UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, wakikufuata, usinitaje. EU_868 inakuruhusu kurusha asilimia 10 tu ya muda, yaani dakika 6 kwa saa. Kwa maandishi zinatosha na kubaki.

6. Badilisha ufunguo wa chaneli, ule unaoficha ujumbe wenu. Ule unaokuja nao dunia nzima inao.

MASWALI

Kijana wa Ntinda: Mkuu, yangu haitumi.
— Hatua ya 5.
Kijana wa Ntinda: Hiyo nilishafanya.
— Region imeandikwa nini?
Kijana wa Ntinda: UNSET.
— Basi hujafanya.

Fundi Arua: Inafika kilomita ngapi?
— Inategemea mnaonana au la. Hapa Kampala, ukiwa juu kilima cha Muyenga na mwenzako juu Naguru, vizuri. Ukiwa bondeni Bwaise katikati ya nyumba, mitaa michache tu. Ujumbe huruka toka redio hadi redio mara 3, usipobadilisha kitu. Unaweza kuweka hadi 7, ila mkiweka wote 7 mnajaza hewa bure.

Mama Zuhura, Kasese: Mwalimu, nataka kuweka moja mlimani iishi kwa sola. Itavuka usiku?
— Swali zuri, mama. Heltec V3 inakula sana umeme. Tafuta bodi yenye chipu ya nRF52 isiyokula sana, kama RAK4631. Sola ndogo na betri moja ya 18650 vinaibeba. Antena isimame mbali na bati. Ikiwa juu kweli na inaona pande zote, kwenye app ipe kazi ya ROUTER, yaani ya kupitisha ujumbe wa wengine. Vinginevyo iache CLIENT, kazi ya kawaida.

Fundi Arua: Mama, tumia bomba la PVC na vifuniko vyake badala ya boksi. Toboa tundu chini, unyevu utoke.

Mama Zuhura, Kasese: Nyuki je?

Fundi Arua: Ziba tundu kwa kipande cha chandarua.