Jiko la safari Lamu na Malindi: chagua mafuta kwanza, jiko baadaye

Duka la vifaa vya kambi litakuonyesha jiko. Halitakuuliza unaenda wapi, na hapo ndipo makosa huanzia. Jiko la gesi la gramu 80 linaloingia mfukoni ni hodari kweli, lakini likikosa kopo lake ni kipande cha chuma tu. Usitegemee kulikuta kopo hilo kwenye duka la Marafa au Kipungani. Utakuta mafuta ya taa, makaa na kiberiti. Basi kabla ya kulinganisha majiko, jiulize mambo mawili: utafikaje huko, na ukifika kuna nini cha kuwasha?

Swali la kufika lina uzito wake. Ukija kwa ndege Malindi, au Manda ulipo uwanja wa ndege wa Lamu, kopo la gesi haliruhusiwi, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mizigo. Jiko la mafuta hukubaliwa likiwa kavu tu: chupa imemwagwa, ikaoshwa kwa maji ya sabuni, ikaanikwa wazi mpaka harufu iishe. Likinuka uwanjani litabaki uwanjani. Kwa hiyo anayeruka apange kununua mafuta akishatua, na jiko lake liwe la mafuta atakayoyapata hapo. Anayetoka Mombasa kwa barabara ana uhuru zaidi, mradi kopo lisiachwe garini juani.

Gesi ya makopo

Kwa mtu anayebeba shanta mgongoni, hili ndilo chaguo la kwanza. Ila makopo ni ya aina tatu na hayaingiliani. Kuna kopo fupi la hesi, ambalo jiko hufungwa juu yake kwa kuzungushwa. Huuzwa la gramu 100, 230 na 450. Kuna la kutoboa, la gramu 190, ambalo likishatobolewa halitoki mpaka liishe, kwa hiyo halifai kabisa kwa safari ya kufunga na kufungua kila siku. Na kuna lile refu kama kopo la dawa ya mbu, la gramu 220 na ushei, linalolazwa ndani ya jiko bapa la mkoba. Hili refu lina pengo kwenye ukingo wake: pengo likae juu, lilingane na ulimi wa jiko. Likikaa vibaya, gesi hutoka ikiwa bado majimaji na mwali huruka hadi usoni.

Vitabu vya Ulaya huhimiza gesi iliyochanganywa na propeni, kwa sababu buteni tupu hugoma kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Pwani hilo si letu. Kwenye nyuzi 25 hadi 32 buteni tupu huwaka vizuri, na mchanganyiko wa bei ghali hautakuongezea kitu. Mchanganyiko ununue siku utakapopanda Mlima Kenya.

Tatizo letu ni joto. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari lililofungwa vioo juani Malindi hupita hapo bila shida. Liweke kopo kivulini, ndani ya kikapu, chini ya nguo.

Sasa hesabu. Lita moja ya maji hula gramu 8 hadi 12 za gesi mahali pasipo upepo. Watu wawili wanaochemsha lita tatu kwa siku (chai ya asubuhi, chakula cha jioni na maji ya kunywa) wanatumia karibu gramu 30. Ongeza 15 za kupika wali au kuivisha samaki. Siku tatu ni gramu 135. Upepo nao una fungu lake, tuseme nusu ya hizo, na sasa umefika 200. Kopo moja la 230 linatosha na kubakisha kidogo. Lile la gramu 100 ni la usiku mmoja. Maji ya kisima ukiyachemsha ili kuua vijidudu, dakika moja ya kutokota sawasawa yatosha; kuyaacha yatokote robo saa ni kuchoma gesi bure.

Kujua kilichobaki ndani ya kopo, pima uzito. Kabla ya safari liweke jipya kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Ukirudi lipime tena. Tofauti ndiyo uliyotumia. Kutikisa na kusikiliza hakukwambii chochote cha maana.

Upepo

Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba, na ufuo wa Shela au wa Mambrui hauna pa kujificha. Upepo huweza kufanya lita moja ya maji itumie gesi ya lita mbili au tatu, au isichemke kabisa. Hapa umbo la jiko lina maana kuliko nguvu yake. Wati 2,500 zatosha mtu yeyote. Jiko la wati 3,500 lenye kichwa kipana kilicho wazi hushindwa na jiko dogo ambalo kichwa chake kimezama kidogo na vishikilia sufuria viko karibu na mwali.

Jiko linalokaa juu ya kopo usilizungushie kinga ya upepo pande zote. Joto hurudi chini, kopo hupata moto, na kopo lililopata moto hupasuka. Kinga iwe upande wa upepo tu, na kila dakika chache gusa kopo kwa mkono. Liwe la baridi au vuguvugu. Ukishindwa kuliacha kiganja juu yake, zima. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke tawa pana la chapati juu ya jiko la namna hii: tawa ni kama mwavuli, linarudisha joto lote juu ya kopo.

Kama kambi zako nyingi ni za ufuoni, nunua jiko la mpira, yaani lile ambalo kopo hukaa pembeni na gesi hupita kwenye mrija. Ni zito zaidi, gramu 150 hadi 350, lakini linazungushiwa kinga pande zote bila hofu, liko chini, na halipinduki. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Sufuria zetu ni za duara, pana, hazina mkono. Sufuria ya sentimita 20 juu ya vishikilia vya sentimita 12, juu ya kopo, juu ya mchanga, ni wali uliomwagika. Kwa jiko la juu ya kopo usizidi sufuria ya sentimita 16.

Ukiwa na gari au mashua

Mtu wa gari anayekwenda Marafa kutazama Nyari, lile korongo lililomomonyoka, au anayeingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, hana sababu ya kuhesabu gramu. Mtungi wa kilo 6 wenye bana na grili juu yake, ule wa nyumbani, hupika kwa watu sita bila wasiwasi na hujazwa mjini. Uzito wake ukijaa hupita kilo 12, lakini anayebeba ni gari. Ubaya wake ni kimo: sufuria hukaa juu, na upepo huupiga mwali ubavuni. Chimbia mtungi mchangani hadi theluthi yake, uwe umesimama wima. Usiulaze kamwe. Jiko bapa la mkoba linalotumia kopo refu ni jepesi zaidi na linatosha watu watatu. La bana mbili lina faida moja kubwa: chai na mchuzi kwa wakati mmoja.

Lamu mashua ndiyo gari lako, na mashua ina hatari ambayo gari halina. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja garini hutambaa sakafuni na kutoka ukifungua mlango; ikivuja chomboni hushuka kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, na kukaa humo, ikisubiri cheche. Mtungi ukae juu, penye hewa, mbali na madumu ya petroli ya mashine. Baada ya kupika funga vali ya mtungi wenyewe, si ya bana peke yake. Kila unapounganisha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, fungua, futa mchanga, tazama mpira wa ndani kama umepasuka, ufunge upya. Usitafute uvujaji kwa kiberiti; sababu haihitaji maelezo.

Stovu ya pampu

Kwa safari ndefu ya visiwani, wiki moja au zaidi kuelekea Kiwayu, mafuta ya taa yanashinda. Tangu ushuru wake kuongezwa mwaka 2018 si mafuta rahisi tena, lakini hayahitaji duka maalumu, na chupa ya lita moja inampikia mtu mmoja karibu wiki. Nunua stovu ya pampu yenye chupa tofauti, iliyoandikwa kwamba inakubali mafuta ya taa. Zingine hukubali mafuta ya aina kadhaa ila kila aina ina jeti yake, yaani kitundu cha kutolea mafuta, na jeti ya petroli ikitumiwa kwa mafuta ya taa hutoa masizi na mwali wa manjano.

Kuiwasha kuna utaratibu. Jaza chupa robo tatu tu, hewa inahitaji nafasi. Piga pampu mara 15 hadi 20. Tia spiriti kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa, washa, na usubiri. Spiriti ikikaribia kuisha ndipo ufungue vali, taratibu. Mwali ukiwa wa buluu na wenye kuvuma, sawa. Ukiruka juu kwa manjano, kichwa hakijapata moto wa kutosha: funga, ngoja kipoe kabisa, anza upya. Watu wengi hukosa subira hapa na kuongeza spiriti juu ya chuma cha moto. Nyusi huenda hivyo.

Inapogoma, sababu ni tatu karibu kila mara. Pampu ikiwa nyepesi, haina ukinzani, ile ngozi yake imekauka. Itie matone mawili ya mafuta ya cherehani na uitandaze kwa kidole. Mwali ukiwa dhaifu au wa upande mmoja, jeti imeziba, izibue kwa sindano yake. Ukitetema, ukipanda na kushuka, chupa ina maji. Kitambaa safi huchuja taka za mafuta kabla ya kuyamimina, si maji. Petroli usiitie kwenye stovu ya mafuta ya taa hata kidogo, hata kama ndiyo pekee iliyobaki; hulipuka.

Jiko la spiriti, mfano wa Trangia ya Uswidi, halina kitu cha kuharibika na halina kelele. Ni polepole, na mwali wake hauonekani mchana. Mwenye kuongeza spiriti akidhani limezimika huunguza mkono, basi weka kiganja juu yake kwa mbali kwanza. Makaa je? Kwa samaki wa kupaka hakuna kinachoyashinda, na aliye na chombo au gari na abebe seredani. Ila yasiingie hemani hata yakiwa majivu mekundu tu, kwa kuwa hewa yake huua mtu usingizini. Kuni za msituni usiziguse. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa hifadhi, majani makavu yamejaa chini, na cheche moja hufika mbali.

Wali ndio mtihani

Majiko mengi ya safari yalibuniwa kuchemshia maji ya kumimina kwenye chakula cha pakiti. Sisi tunapika wali wa nazi. Dukani, kama wanakuruhusu kuwasha, shusha moto mpaka chini kabisa: mwali ubaki mduara mzima, usikatike, usizime ukipuliziwa kidogo. Jiko la moto mkali tu litakupa ukoko mweusi katikati na mchele pembeni.

Hata jiko zuri halina makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Fanya hivi: tui likitokota tia mchele, moto wa kati, tui likishuka usawa wa mchele punguza kabisa, funika, dakika tano. Epua likiwa bado na unyevu. Funga sufuria kwa kanga mbili, iweke ndani ya kikapu au mfuko wa kulalia, ifunike vizuri, uiache dakika 20. Wali unaiva wenyewe na gesi umeokoa.

Mchanga na chumvi

Kitufe cha cheche hufa mapema pwani. Kiberiti kiwe kwenye kichupa cha plastiki kilichofungwa. Chini ya jiko weka ubao au sinia kuukuu, kwani mchanga hubonyea na sufuria huinama. Kopo likiwa halitumiki lifunikwe kifuniko chake, maana punje moja kwenye hesi inatosha kuvujisha. Ukirudi nyumbani futa jiko kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo chumvi, likauke, kisha tia tone la mafuta kwenye kila bawaba. Kopo lililokwisha lisitupwe kwenye moto wa kambi. Lifungulie mpaka lisisikike, mbali na moto wowote, urudi nalo mjini.