Somo: Namna ya Kufuatilia Mabadiliko ya Majira Katika Bustani ya Mapumziko

Wengi wetu hutambua kuwa majira yamegeuka pale mti unapokuwa umeshachanua wote, ilhali sehemu yenye mengi ya kujifunza imeshapita. Somo hili linahusu kuyawahi mabadiliko hayo yakiwa bado machanga, kwa daftari, penseli na bustani yoyote iliyo karibu nawe.

Hatua ya kwanza ni kuchagua vichache: mti mmoja wenye kupukutisha majani, kichaka kimoja na, ikiwezekana, sehemu yenye maji. Anayetaka kuiandika bustani nzima huchoka mapema. Chagua mti ambao tawi lake la chini unaweza kulifikia kwa mkono, na alama yake uiweke daftarini, si kwenye gome.

Hatua ya pili ni kurudi angalau mara moja kwa wiki, saa ile ile. Ndege wanaosikika alfajiri huwa wamenyamaza ifikapo adhuhuri, kwa hiyo ukibadili saa utadhani wamehama, kumbe wamepumzika tu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo hupuuzwa sana: andika hata kile ambacho hakijatokea. Ukifika tarehe 3 ukaandika “tumba bado”, kisha ukafika tarehe 10 ukakuta ua limefunguka, unajua kwamba lilifunguka ndani ya siku hizo saba. Bila lile neno “bado”, hakuna awezaye kusema kama ua ni la jana au la wiki tatu zilizopita. Mwingereza Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika dalili za kuisha kwa majira ya baridi, uzao wake ukaendeleza kazi hiyo hadi 1958, na wanasayansi wa leo huzitumia kumbukumbu hizo kwa kuwa kila dalili ina tarehe yake.

Hatua ya nne ni kusogea karibu. Shika kijiti bila kukivunja, utazame pale kikonyo cha jani kinapoungana nacho: mara nyingi utakuta chipukizi limeshajikunja hapo, likingoja majira yajayo hata kabla ya jani kudondoka. Jani likishaanguka huacha kovu, na kwa kioo cha kukuzia utaona ndani yake vidoa vidogo, ambavyo ni mabaki ya mirija iliyokuwa ikipitisha maji na chakula. Wakati wa kuchipua ukikaribia, magamba ya chipukizi huanza kuachana na mstari mwembamba wa kijani hujitokeza katikati. Siku ya mstari huo iandike.

Mwisho, ambatanisha hali ya hewa: mvua, joto na urefu wa mchana. Mhimili wa Dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, hivyo mbali na Ikweta mchana hurefuka na kufupika sana, na miti huufuata pamoja na joto. Karibu na Ikweta mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na huko mvua na ukame ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi hupiga picha kwa simu. Je, daftari lina haja tena?
Lina haja. Picha ni msaada mkubwa ukiipiga kutoka mahali pale pale kila mara, lakini haibebi sauti ya ndege wala harufu ya maua, na watu hupiga picha ya kilichochanua tu, wakasahau “bado”.

Naomba kufahamishwa kwa nini majani ya kijani hugeuka manjano.
Klorofili, yenye rangi ya kijani, huvunjwavunjwa kabla ya jani kuanguka, na hapo karotenoidi za manjano zilizokuwamo tangu awali huonekana. Wekundu ni jambo jingine: rangi yake, antosianini, mara nyingi hutengenezwa wakati huo huo wa mwisho.

Nina miti miwili ya aina moja, na mmoja umetangulia kuchanua. Je, nimeandika vibaya?
La, ndugu yangu. Ukuta unaotunza joto, taa inayowaka usiku kucha, unyevu wa udongo au urithi wa mti wenyewe huweza kuleta tofauti hiyo. Ipe kila mti ukurasa wake, na usiandike tarehe ya katikati kwa niaba ya yote miwili.