Kabla Hujashika Rodi

Usiku ule nililala mapema, mzima kabisa. Mchana nilikuwa nimemsaidia fundi mmoja hapa Malindi kushikilia grili ya dirisha akiichomelea. Sikuwa na ngao ya uso, nilikuwa nimeambiwa tu, "Angalia pembeni." Saa saba usiku niliamka kama niliyemwagiwa mchanga machoni. Machozi yalinitiririka, taa ya chumbani sikuweza kuitazama, na mama akakesha nami hadi alfajiri akinikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Nilipona baada ya siku mbili. Tangu hapo kijana akiniambia anaingia kozi ya kuchomelea, kabla ya karo namuuliza habari ya macho.

Mwanga wa rodi, kile kijiti cha chuma kinachoungua kwa umeme na kuunga vyuma, una miale ileile ya jua inayobabua ngozi, ila hapa iko karibu na ni mikali mno. Haiumi papo hapo. Huanza kuuma saa kadhaa baadaye, na hapo ndipo wanaoanza wanapodanganyika. Kuangalia pembeni hakutoshi, kwani mwanga hugonga ukuta mweupe wa chokaa ukakurudia. Miwani ya jua pia haifai. Kwa rodi nyembamba za kujifunzia, kioo cha ngao kiwe na giza la namba 10, na umeme ukiongezwa, 11. Nenda chuoni kabla ya kulipa ukajionee kama kila mwanafunzi ana ngao, hata yule anayeshikilia chuma na yule anayetazama tu. Ukikuta ngao moja inazungushwa kwa watu wanane, nunua yako. Na macho yakishaungua, nenda hospitali. Usikae nyumbani ukijitia matone ya ganzi kila maumivu yakirudi, maana yanachelewesha kidonda cha jicho kupona.

Mavazi ni rahisi: pamba tupu. Jinzi kuukuu na shati zito la mikono mirefu vinatosha kuanzia. Jezi ya mpira iache nyumbani, cheche ikiiangukia inayeyuka na kugandia mwilini. Suruali ifunike shingo ya kiatu, usiichomeke ndani, na kiatu kiwe cha ngozi, si ndara. Dada zetu wavae mtandio wa pamba uliobanwa vizuri, na buibui la kitambaa cha nailoni libaki nje ya karakana.

La kifua nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu sisi watu wa pwani linatupoteza. Mabati, na mabomba mengi ya maji, yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na chuma hakiyeyuki hadi karibu 1,500, kwa hiyo chuma kikianza kuyeyuka zinki imeshageuka moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni au usiku utatetemeka, homa itapanda, viungo vitauma na mdomoni utasikia ladha ya chuma. Malindi mtu akitetemeka usiku, nyumba nzima inasema malaria. Kapime malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari kwamba umeshinda ukichomelea mabati, asije akakutibu kwa kubahatisha. Maziwa wanayokunywa mafundi hayasaidii, yanashuka tumboni na moshi umeingia mapafuni. Dawa ni kuikwangua zinki kwanza pale pa kuchomea, kukaa upande unakotoka upepo, na kutoinamia moshi. Mwenye pumu amuone daktari kabla ya kujiandikisha.

Katika kuchagua chuo, usishawishike na bango. Uliza chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, au la, na kama kitakuandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unaoanzia daraja la 3 na kupanda hadi la 1. Cheti hicho ndicho kitakachokusemea kwa mwajiri asiyekujua. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: kila mwanafunzi atachoma rodi ngapi kwa mikono yake? Rodi ni pesa, na kuna mahali utamaliza wiki nne ukiandika ubaoni. Kazi hii haiingii kwa kuandika.

Tazama na kalenda. Masika yakishika, ua wa karakana unaloa, na glavu zilizolowa hazikukingi na umeme. Uwe na ubao mkavu wa kusimamia na glavu za akiba. Jasho la kaskazi nalo linalowesha vilevile. Kozi ikiangukia Ramadhani, omba zamu ya asubuhi, joto la alasiri karibu na moto si la mtu aliyefunga.

Ukifika, inua macho. Kama juu yako kuna paa la makuti, omba mhamie kwingine. Cheche huruka mita kadhaa, na kuti kavu linaweza kuficha moto hadi mmeshafunga na kwenda zenu. Mtu abaki akiangalia angalau nusu saa baada ya kazi, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Na mtu akikuletea pipa la petroli au tangi la mashine ya boti uzibe tundu, kataa, hata akiapa limekauka. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua.

Mkono unaweza kuuzoesha hata kabla ya siku ya kwanza. Chukua kijiti cha sentimita 35, urefu wa rodi, chora mstari wa chaki sakafuni, uufuate nacho taratibu ncha ikiwa juu ya mstari kwa milimita mbili tatu bila kugusa. Hapo utaona ugumu wake: rodi inapungua kadiri inavyoungua, kwa hiyo mkono lazima ushuke huku ukisonga mbele. Kipunguze kijiti kidogo kidogo kwa kukivunja na urudie kwa kila urefu. Siku ya kweli rodi itaganda kwenye chuma mara nyingi. Usitishike, ikunje upande kwa upande itang'oka. Ukishapata umbali sawa utaujua kwa sikio, kwa sababu rodi italia kama mahamri yakitoswa kwenye mafuta ya moto, na ukigonga mavi ya chuma, lile gamba linaloganda juu ya kiungo, kwa nyundo yatabanduka kipande kizima.