Massey 135 kuukuu: kuitengeneza nyumbani kabla ya msimu wa kulima

Hapa Kenya, kuanzia Njoro na Rongai hadi Kitale, na kushuka hadi mashamba ya Kano, Massey Ferguson 135 bado inavuta plau. Trekta hii ilianza kutengenezwa mwaka wa 1964. Inayoelezwa hapa ni ile yenye injini ya dizeli ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5. Mwenye MF 35 ya silinda tatu atafuata mengi ya haya bila shida.

Injini hii haifi kwa urahisi. Vinavyoiua ni vumbi, maji na upepo (hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli), na vyote hupitia mahali palipofungwa na filta, hosi au kipande cha mpira cha bei ndogo. Kwa hivyo kabla hujakubali kwamba pampu ya dizeli imeisha au kwamba injini ifunguliwe, pitia njia hizo kwanza. Ifanye kazi hii Januari au Februari. Mvua ya Machi ikishanyesha, mafundi wote wako mashambani na duka la spea lina foleni.

Vifaa na usalama

Nati nyingi za trekta hii ni za inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na ukiikaza kwa nguvu inakula pembe za nati. Nunua seti ya spana za inchi kuanzia 3/8 hadi 3/4. Ongeza fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), bomba la grisi, brashi ya waya, ndoo mbili safi na vitambaa visivyotoa nyuzi.

Usiingie chini ya trekta iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo magumu au stendi, zuia magurudumu mbele na nyuma, na teremsha mikono ya haidroliki hadi chini. Na usiwashe stata kwa kugusisha bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Ikiwa gia imeingia, trekta itawaka na kukupanda kabla hujaruka.

Kabla ya kufungua waya wa betri, piga picha. Baadhi ya trekta za zamani zina chanya kwenye bodi badala ya hasi, na ukizigeuza unaweza kuunguza dainamo.

Osha trekta kabla ya kufungua chochote. Tope lililokauka juu ya filta ya dizeli likidondoka ndani, litaharibu pampu haraka kuliko miaka ya kazi.

Bakuli la hewa

Udongo wa Njoro na Rongai ni wa majivu ya volkano. Ukikauka unakuwa unga, na unga huo ukiingia kwenye silinda unasaga ringi za pistoni kama msasa. Trekta nyingi za aina hii zina kisafishaji cha hewa chenye bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili, vumbi likanaswa, kisha inapanda kupitia wavu wa chuma.

Unapolima kavu, fungua bakuli kila asubuhi. Tope la chini likifika sentimita moja hivi, mwaga yote, osha bakuli kwa dizeli, pangusa, kisha tia oili mpya ya injini hadi kwenye alama. Isipite alama: ikizidi, injini itaivuta na kuichoma kama mafuta, na inaweza kukimbia yenyewe hata ukivuta stopu, yaani kivuto cha kuzimia injini. Wavu wa juu uoshe kwa dizeli kila msimu, uache ujichuje hadi ukauke kabla ya kuurudisha.

Kisha kagua hosi ya mpira inayotoka kisafishaji hadi injini. Ikunje kwa mkono utafute nyufa upande wa chini, kwa sababu huko ndiko hupasuka kwanza na hapaonekani. Bakuli safi lenye hosi iliyopasuka halikusaidii chochote.

Oili ya injini

Pasha injini moto, zima, fungua plagi ya chini na uiache ichuruzike nusu saa. Badilisha filta kila unapobadilisha oili. Injini inachukua karibu lita 6.8 za oili ya 15W-40. Tia sita, subiri kidogo, kisha ongeza kidogo kidogo ukipima kwa kijiti. Kwenye vumbi letu usipitishe saa 200 za kazi. Mita ya saa ya trekta nyingi ilikufa zamani, hivyo weka daftari na uandike saa za kila siku.

Kijiti hicho kinasema zaidi ya kiwango. Oili ikiongezeka bila wewe kuongeza, inuse. Ikiwa ina harufu ya dizeli na imekuwa nyepesi, mara nyingi ngozi ya pampu ndogo ya kuvuta dizeli imetoboka; isipokuwa hiyo, ni sili ya shafti ya pampu kubwa, inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozo (vipuliza dizeli ndani ya silinda). Anza na pampu ndogo, ni rahisi. Usilime nayo hivyo hata siku moja, kwani oili iliyochanganyika na dizeli haikingi beringi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji, na hapo tazama gaskiti ya kichwa cha injini.

Njia ya dizeli

Hapa ndipo hela nyingi hupotea bure. Trekta inawaka, inalima dakika ishirini, inapoteza nguvu, inazima. Unasikia "pampu imeisha", na pampu inapelekwa mjini. Fanya haya kwanza.

Legeza kifuniko cha tangi ikiwa imezima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na trekta ikawaka vizuri tena, tundu la kifuniko limeziba. Lisafishe kwa sindano, kazi imekwisha.

Kama sivyo, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo, weka ndoo, fungua koki. Tangi liko juu, hivyo dizeli inapaswa kushuka mfululizo. Ikidondoka tu, wavu wa koki ulio ndani ya tangi umeziba kwa kutu na uchafu wa mtungi. Mwaga tangi, toa koki, osha vyote viwili. Ikishuka vizuri, tafuta unyevu wa dizeli kwenye kila kiungo na hosi. Mahali panapotoa unyevu trekta ikiwa imelala ndipo panapovuta upepo ikiwa kazini.

Sasa filta. Nyingi zina elementi (kichujio chenyewe) ya aina ya CAV 296, inayoshikwa na bolti moja ya katikati kati ya kichwa na bakuli la chini. Funga koki, fungua bolti ukishika bakuli, mwaga. Matone yanayokimbia chini ya dizeli ni maji. Elementi mpya huja na ringi zake za mpira: zitumie zote, na hakikisha ringi ya zamani haijabaki imeng'ang'ania juu, maana ringi mbili zikipandana zitavuja au kuvuta upepo. Paka dizeli kidogo, kaza bolti kwa kiasi. Ukiikaza kupita kiasi unapasua kichwa cha alumini. Safisha pia bakuli dogo na wavu juu ya pampu ndogo.

Kutoa upepo hufuata mpangilio, kutoka tangi kuelekea kwenye nozo. Tangi liwe na dizeli angalau nusu na koki iwe wazi. Legeza skrubu ya juu ya filta mizunguko miwili, kisha piga wenzo wa mkono wa pampu ndogo hadi dizeli itoke bila povu. Kaza ikiwa bado inatoka. Kama wenzo hauna nguvu wala mwendo, hujaharibu kitu: kemu inayosukuma pampu hiyo imesimama mahali pabaya. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena.

Kwenye pampu kubwa ya CAV kuna skrubu mbili, moja ubavuni na nyingine juu kwenye sanduku la gavana (kidhibiti kasi). Legeza zote mbili, piga wenzo. Ya ubavuni ikitoa dizeli safi uikaze, endelea hadi ya juu nayo isiwe na povu, uikaze. Legeza pia nati ya bomba linaloingia kwenye pampu, piga, kaza. Skrubu hizi ni ndogo, kwa hivyo kaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Mwisho, sukuma stopu ndani, vuta akselereta hadi mwisho, legeza nati za mabomba kwenye nozo mbili. Piga stata sekunde 10 hadi 15, ipumzishe nusu dakika, rudia. Dizeli ikianza kuruka kwenye nati, kaza, piga tena, na itawaka kwa kukohoa kisha itulie.

Usiweke kidole mbele ya nozo inayorusha, wala usitafute bomba linalovuja kwa mkono. Dizeli ya presha inapenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linaweza kukukatisha kidole au mkono. Likikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni dizeli ya presha.

Ukimaliza yote haya na bado haina nguvu au inatoa moshi mweusi bila mzigo mzito, toa nozo na uzipeleke kupimwa kwenye mashine. Pampu kubwa na nozo usizifungue nyumbani, kwani vipande vyake vimesagwa kwa usahihi ambao mchanga mmoja unauharibu. Ukirudisha nozo, tumia washa (ringi bapa) mpya za shaba na ukaze nati zake mbili kwa kupokezana ili isikae upande.

Moshi mweupe asubuhi ya Molo si ugonjwa ukipotea injini ikishapata joto. Kama trekta yako ina kipasha joto cha kuwashia na kinafanya kazi, kipe sekunde 15 hadi 20 kabla ya stata. Moshi wa buluu usiopotea ni oili inayoungua.

Vali

Injini ikiwa baridi, toa kifuniko cha vali. Silinda namba 1 ndiyo iliyo karibu na rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-2-3. Vuta stopu, kisha kwa spana kwenye puli ya mbele zungusha injini kama mshale wa saa ukiitazama kutoka mbele. Vali moja ya silinda hiyo ikimaliza kufunga huku nyingine ikianza kufunguka, weka alama kwenye puli, zungusha mzunguko mmoja kamili. Sasa zote mbili zimefunga. Pitisha fila geji ya milimita 0.30, yaani inchi 0.012. Inapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo. Shika skrubu kwa bisibisi ukikaza nati yake, kisha pima tena kwa sababu mara nyingi husogea. Rudia kwa silinda 2 na 3. Nafasi ikiwa ndogo mno vali huungua; ikiwa kubwa, utasikia kugongagonga.

Maji

Rejeta na injini zinachukua karibu lita 10. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati ni bora kuliko ya kisima, kwani maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana madini yanayoganda ndani. Changanya na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Puliza makapi na majani kutoka upande wa feni kwenda mbele. Feni belti ikisukumwa kwa kidole ishuke sentimita moja hivi.

Wengi hutoa themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto) wakidhani injini itapoa zaidi. Usitoe. Injini inayofanya kazi baridi haichomi dizeli yote, inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi huisha mapema. Ikichemka, tafuta sababu halisi. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma ni gaskiti ya kichwa. Kifuniko cha rejeta ya moto usikifungue.

Haidroliki, breki na mbele

Mikono ya nyuma ikikataa kuinua, angalia kwanza wenzo wa PTO, shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Pampu ya haidroliki iko ndani ya boksi la gia na inazungushwa na mfumo wa PTO, kwa hivyo wenzo ukiwa katikati hakuna kitakachopanda. Kisha pima oili. Boksi na haidroliki vinatumia oili moja, karibu lita 30, ya trekta na si ya gari. Ikiwa nyeupe, maji yameingia, na mara nyingi hupitia mpira uliochanika kwenye shina la gia. Badilisha mpira huo kwanza, kisha fungua plagi zote za chini. Plagi moja haitoi yote.

Breki: inua gurudumu moja la nyuma, kaza kirekebishi hadi gurudumu lishike, kisha legeza hadi lizunguke huru. Fanya upande wa pili sawasawa, la sivyo trekta itavuta upande mmoja barabarani. Ukienda lami, pedali zote mbili zifungwe pamoja. Ngoma ya breki yenye oili ina sili iliyoisha, na kukaza hakutasaidia.

Kwa tope jeusi la Kano, piga grisi kila siku kwenye pini za ekseli ya mbele na viungo vya usukani hadi ile ya zamani itoke na tope lake. Shika gurudumu la mbele lililoinuliwa, juu na chini, ulitikise: likicheza, fungua habu uangalie beringi. Tairi za nyuma ziwe na presha ya psi 12 hadi 14 shambani. Zikiwa ngumu kama za lori zinateleza na kula dizeli.

Baada ya saa ya kwanza ya kulima, simama na uizime. Pima oili tena, pitisha kitambaa kikavu chini ya filta na kila nati uliyofungua, na kaza bolti za magurudumu. Jioni jaza tangi kabla ya kulala. Tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani usiku wa baridi, na maji hayo ndiyo utakayoyakuta chini ya bakuli la filta.