Chembe nano za sumaku kwa majaribio ya MRI: chunga maji

Mashine ya MRI husoma maji yaliyo mwilini. Chembe ya oksidi ya chuma huvuruga uga wa sumaku unaoizunguka, na kwenye picha ya T2 (muda ambao ishara ya maji huchukua kufifia) sehemu hiyo hutoka nyeusi. Seli za Kupffer za ini lenye afya humeza chembe hizo. Ini likawa jeusi, uvimbe usio na seli hizo ukabaki unang'aa.

Hatua ya 1. Pima gramu 5.4 za kloridi ya feri yenye maji sita na gramu 2.0 za kloridi ya fero yenye maji manne, uwiano wa 2 kwa 1 kwa moli, si kwa uzito. Yeyusha kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yaliyochemshwa kuondoa oksijeni kisha yakapozwa yakiwa yamefunikwa.

Usitumie maji ya bomba. Hapa Dodoma tazama tu ukoko mweupe ndani ya birika lako: ni kalsiamu, nayo hugandamanisha chembe. Mimi niliwahi kusuuzia hayo kwa uvivu, asubuhi nikakuta matope chini ya chupa. Ukienda dukani kuulizia "maji ya betri", soma lebo kwanza. Wengine watakupa asidi, nayo itakula chembe zako zote.

Hatua ya 2. Pasha hadi nyuzi 70, koroga kwa kasi, dondosha amonia hadi pH 10. Weusi huja papo hapo. Ukiona kahawia, fero yako imeshaoksidika, anza upya. Madirisha wazi, tafadhali.

Hatua ya 3. Weka bika juu ya sumaku ya spika kuukuu (mafundi redio wanazo), chembe zishuke, mwaga maji. Rudia hadi pH 7.

Hatua ya 4. Zivishe: gramu 1 ya asidi ya sitriki, pH 5, nyuzi 80, saa nzima. Zishushe kwa asetoni, kisha zitawanye upya kwenye maji safi. Zikivaa vizuri hazituami hata kesho yake.

Zisiingie kwenye mshipa wa mtu. Ferumoxytol, dawa ya chembe za oksidi ya chuma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu, ilipita majaribio ya kitabibu, na bado ina onyo kali la mzio.

Hatua ya 5. Changanya na aga (jeli ya mwani) kwenye mirija: chuma milimola 0, 0.1, 0.2 na 0.4 kwa lita. Piga picha, kisha chora grafu ya 1/T2 dhidi ya kiasi cha chuma. Mteremko wake ndio r2, yaani nguvu ya chembe zako kufifisha ishara ya maji. Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari, huenda chembe zimegandamana: rudi ukaangalie maji.